Basi la Kaka, Treni ya Mdogo Wangu

Kaka yangu na mdogo wangu walitoana damu uwanjani kwa mama, hapa Malangali, Sumbawanga mjini, kwa sababu ya basi na treni za Dar es Salaam. Sisi Sumbawanga treni hatuna. Reli tunaisikia wakati wa kampeni tu, na humu mjini usafiri wetu ni bajaji, bodaboda na miguu yako mwenyewe. Lakini ndugu zangu walipigana mpaka jino likang'oka, na jino lenyewe nililiokota mimi kwenye tuta la maharage, nikipalilia.

Ugomvi wote ulikuwa juu ya mama. Mama alikuwa na uvimbe kwenye titi la kulia, na alituficha. Mimi ndiye ninayekaa naye, nyumba moja, chungu kimoja, na bado alinificha mpaka siku alipoteguka mkono ikabidi nimwogeshe. Niliona, nikawaka palepale na sabuni mkononi. "Mama, hiki kitu kina muda gani?" Akasema, "We mwagia maji, baridi inaniingia." Mwezi wa saba huku kwetu baridi si mchezo, lakini sikumwagia. Nilimfokea mama yangu mzazi akiwa uchi, anatetemeka, povu limemjaa kichwani. Ndivyo nilivyo mimi, nikiogopa napiga kelele.

Tukaenda hospitali, wakatutuma Mbeya, na Mbeya wakakata kinyama wakapima. Daktari, kijana mdogo tu, alimpa mama shikamoo vizuri halafu akatueleza bila kuzunguka. Inatibika. Ila anahitaji mionzi, na mionzi ataipatia Dar, kila siku ya kazi, wiki baada ya wiki. "Msichelewe, dada," akaniambia mlangoni. "Mkichelewa mtamzika." Mama alikuwa amesikia. Njia nzima ya kurudi hakusema anaenda wala haendi, alikuwa anatazama nje tu. Mimi nikaanza kuogopa, maana namjua mama, akinyamaza hivyo ujue kuna kitu amekataa.

Nikawapigia ndugu zangu waje wamchukue. Wote wawili wanaishi Dar. Kaka anakaa Kimara, na alikuwa dereva wa mwendokasi, yale mabasi marefu yenye njia yao peke yao katikati ya barabara. Mdogo wangu ni fundi wa umeme, anakaa Pugu, na asubuhi anapanda treni ya mjini mpaka Stesheni. Walikuja siku moja, mabasi tofauti, na kila mmoja alikuwa na neno moja tu kichwani, kwamba mama atakaa kwake.

Jumamosi mchana tumekaa kula. Nilikuwa nimesonga ugali wa ulezi, nimeunga migebuka, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, chakula ambacho mtu wa kwetu akikikosa miaka anaweza kulia. Wala hawakukisifia. Walikuwa wameshaanza.

"Mama akae Kimara," kaka akasema. "Anatoka nyumbani, anaingia kituoni, anakaa, anashukia mjini karibu na hospitali. Njia ni yetu wenyewe. Foleni ataiona dirishani tu."

"Anakaa?" mdogo wangu akacheka. "Asubuhi ile, Kimara, mama apate pa kukaa? Kaka, acha utani. Mlango ukifunguka watu wanaingia kwa viwiko. Mtu ana kidonda kifuani, unampeleka kwenye viwiko?"

"Mimi nafahamiana na watu pale. Atakaa."

"Treni ina nafasi. Chuma juu ya chuma, haina kona wala kukanyagiwa breki ghafla. Mama anafika amelala usingizi."

"Anafika Stesheni! Kutoka Stesheni mpaka hospitali utambeba mgongoni? Na akimaliza mionzi saa tano, treni ya kurudi iko lini? Jioni! Kwa hiyo mama akae kwenye benchi na joto la Dar mpaka jioni kwa kuwa wewe unapenda chuma." Kaka alikuwa ameshaacha kula. "Na ile ngazi ya behewa, goti lake hili linapanda? Kwetu sakafu ya kituo na sakafu ya basi ziko sawa. Mtu anatembea tu, kama anatoka sebuleni anaingia chumbani."

Mimi nilikuwa nawasikiliza, na kusema kweli wote walikuwa na hoja. Ukitaka kwenda na kurudi wakati wowote, basi. Ukitaka kuhemewa na watu wachache, treni. Treni haiwezi kukukwepa wala kukufuata, imefungwa kwenye reli yake, na hapo ndipo uzuri wake ulipo, na ubaya wake uko hapo hapo. Nikasema, "Basi mpelekeni kwa ungo, si ndiyo usafiri wa Sumbawanga." Watu wa Dar wanatutania hivyo, eti huku kwetu ni kwa wachawi, mpaka tumezoea. Mdogo wangu akacheka. Mama hata tabasamu hakutoa, na utani wa ungo huwa anaupenda kuliko sisi sote.

Kisha mdogo wangu akasema neno alilolisema. "Halafu hiyo njia yenu mnaringa nayo ya nini? Si wanakatiza watu tu kila siku? Wanaruka vile vyuma, bodaboda zinapenya. Treni mtu anaiogopa. Basi lenu halimtishi mtu, ndiyo maana mnaua."

Kaka aliinuka na bakuli la mboga akampiga nalo usoni.

Nimeona watu wakipigana. Nanunua mahindi Laela miaka mingi, na msimu wa mavuno madalali wanagombea gari la mzigo mpaka wanashikana makoo. Lakini sijawahi kuona watu wa tumbo moja wanapigana vile. Mchuzi wa migebuka ulikuwa unamtiririka mdogo wangu machoni, yeye anapiga hovyo haoni, na kaka anapiga akiona vizuri kabisa. Walitoka nje wakiwa wameshikana. Walivunja kiti, wakaangusha ndoo, wakagaragara kwenye matuta yangu ya maharage na kuyalaza yote. Mdogo wangu akapata jembe. Kaka akampiga ngumi ya mdomo kabla halijainuka, nikasikia ule mlio wa jino, mkavu, mdogo. Majirani wakaanza kujaa kwenye ua. Mmoja akawa anashangilia, mpumbavu yule, nitamwambia hata kesho.

Kaka alikuwa juu, amemkalia mwenzake kifuani, na hakuwa anaacha. Hapo niliogopa kweli. Nikachukua mchi, si ufito, mchi wa kutwangia, nikampiga kaka nao begani, na aliponigeukia nikampiga tena. "Utamuua! Utamuua mdogo wako kwa ajili ya basi?" Akaanguka pembeni anahema. Mdogo wangu akajaribu kuinuka amrudie, naye nikamchapa miguuni. Watu wazima wenye ndevu, mmoja baba wa watoto wanne, nimewalaza chini wote wawili, na mimi nalia huku natukana matusi ambayo siwezi kuyaandika.

Mama alikuwa mlangoni. Hakupiga yowe hata mara moja. Alisubiri nikaishiwa pumzi, akawafukuza majirani kwa mkono, halafu akasema, "Ingieni ndani. Mwendokasi sipandi."

Mdogo wangu akatema damu, na kwa mdomo ule ule akapata nguvu ya kushangilia. "Umesikia? Umesikia kaka? Treni!"

"Na treni sipandi," mama akasema. "Siendi."

Tukaingia ndani. Nilimwekea mdogo wangu maji ya chumvi asukutue. Kaka alikaa chini sakafuni, kofia yake ya sufu, ambayo hata ugomvi haukuivua, bado imembana kichwani, mkono unamning'inia. Mimi nilikuwa bado nina mchi. Nikamwambia mama, "Unataka kufia hapa, sawa? Daktari amesema utakufa. Useme leo kwa nini hutaki."

Mama Kiswahili anakijua, ila ni Kiswahili cha shuleni na kanisani, moyo wake unasema Kifipa. Akiwa na jambo zito analitafuta neno kwanza. Alilitafuta. Kisha akasema, "Hivi nyinyi mnajua hilo jina mnaloliita kila siku? Mwendokasi, mwendokasi. Ndio uliomuua baba yenu."

Kaka akainua uso. "Mama, ile ni mwendokasi nyingine. Hii ni jina la basi."

"Najua ni basi. Mimi si mjinga, redio ninasikiliza. Nimejua tangu siku ya kwanza ulipopata kazi. Nimekaa nikajiuliza, watu wenye akili wamekaa ofisini, wamekosa jina lote duniani, wakaliita basi jina la kitu kilichoniulia mume. Na mwanangu ndiye anayeliendesha. Ukinipigia simu unasema mama, mwendokasi inaniweka mjini. Mimi nakata simu."

Kaka miaka yote alikuwa ananilalamikia kwamba mama hamuulizi habari za kazi yake, kwamba mdogo wetu akifunga taa moja kwa mtu anasifiwa, yeye anabeba umati wa watu kila siku hakuna anayesema asante. Mimi nilimwambia mama ni mzee, amesahau. Hakusahau kitu.

Baba aligongwa karibu na Laela, tulikokuwa tunalima, mwaka lami ilipokuwa mpya. Ile barabara ya zamani ilikuwa mashimo na vumbi, gari likienda linaomba ruhusa, ukisafiri kwenda Tunduma unatoka umevunjika mgongo lakini unafika. Lami ilipokuja tulicheza ngoma. Madereva nao walichanganyikiwa, wakawa wanapita kwenye vijiji vyetu utadhani wanafukuzwa. Baba alikuwa anatoka shamba, anasukuma baiskeli yenye gunia la ulezi, mama yuko nyuma yake na jembe. Basi likatokea kwenye kona. Baiskeli waliikuta upande huu wa barabara, baba upande ule, na ulezi ulimwagika kwenye lami mpya yote, kuku wa watu wakawa wanadonoa.

Mimi nilifika mchana, nimepanda lori la mahindi. Nilikuta wawili wamefunikwa. Mmoja kwa kanga ya mama, huyo alikuwa baba. Mwingine kwa viroba, na chini ya viroba ilitokea miguu yenye soksi, haina viatu. Dereva. Mtu akigonga, akili ya barabarani inamwambia asisimame, akimbilie polisi na gari lake. Yule alisimama. Alishuka kuja kumwangalia baba, na wale wa gengeni, wanunuzi wa mahindi, wenye jembe na wasio na jembe, wakammaliza pale pale. Uso hakuwa nao tena. Polisi mmoja akamwambia mama, "Chanzo ni mwendokasi, mama. Mwendokasi ndio umemuua mzee." Na kuhusu dereva redio ikasema jioni kwamba ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Mimi wakati ule nilisema moyoni, wamefanya vizuri. Nilisema hivyo na nilimaanisha.

Nikamwambia mama, "Sawa, jina ni baya. Tutaliita jina jingine. Wewe panda, ukapone."

"Jina si kitu," akasema. Akaunyoosha mkono wake wa kulia, ule ulioteguka, akauangalia. "Mlidhani mimi nilikuwa nimekaa na baba yenu pale? Mimi ndiye niliyeanza. Yule dereva alikuja ananiita mama, mikono ameiweka hivi kichwani, analia. Mimi nikaokota jiwe la ujenzi wa barabara. La kwanza lilikuwa langu. Lilimpata hapa." Akagusa jicho lake. "Watu walikuwa wamesimama tu wanaangalia. Walikuwa hawajui wafanye nini. Nilipopiga mimi, wakajua."

Hao wananchi wenye hasira kali mimi nilikuwa nawasikia redioni, kumbe mmoja ndiye ananipikia uji asubuhi.

"Sasa angalieni," mama akasema. "Mkono ni huu. Titi ni hili, upande huu huu. Nyinyi mnapigania basi na treni, hamjui ninakodaiwa. Nimeungama kwa padri, padri amenisamehe. Yule hajanisamehe. Niacheni nilipe hapa hapa kwetu, nisiende kusumbua mashine za watu."

"Mama, huo ni upuuzi!" Nilipiga kelele, nikapiga mchi chini mpaka sakafu ikachubuka. "Wangapi wana ugonjwa huu hawajaokota hata changarawe? Masista wanaupata! Acha upuuzi, mama!" Nilitaka kumtikisa. Kwa kweli niliogopa kumtikisa, maana nilikuwa naona mkono wake, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa nauogopa mkono wa mama yangu.

Kaka akavua kofia. Tangu aje hakuwa ameivua, hata mezani, na nilikuwa nimeshamsema kwamba Dar imemharibu adabu. Juu ya sikio mpaka kisogoni alikuwa na kovu pana, limevimba, nywele hazioti.

"Mimi siendeshi tena, mama," akasema. "Tangu mwaka jana. Nalinda ghala la mtu."

Mdogo wangu akaacha kusukutua.

"Mtu aliruka vyuma vya njia. Alikuwa anakimbilia upande wa pili. Nilishika breki, mama, naapa, abiria walianguka wote. Lakini nikamgusa."

"Ukafanya nini?" mama akauliza.

"Nikashuka."

"Ukashuka?"

"Wenzangu walinifundisha nisishuke. Nikashuka nimwangalie. Alikuwa mzima, mguu tu ulivunjika, ananiongelesha. Nimeinama kumshika, jiwe la kwanza likanipata hapa. Sikumwona aliyelirusha. Halafu wakaja wote." Alikuwa anaongea taratibu, anaikunja ile kofia. "Wala hawakuuliza kama amekufa. Mtu mwenyewe yuko chini anawaambia mimi mzima, acheni, hawamsikii. Mmoja alikuwa na tofali. Nilijua nimekwisha. Kuna mama mmoja anauza ndizi pale nje ya kituo. Sikuwahi hata kununua ndizi kwake. Akaja akanilalia, mwili wake wote, akasema huyu mwanangu, mnamuua mwanangu, nipigeni na mimi. Walimpiga kidogo. Wakaacha."

Mama akasogea mbele kwenye kiti.

"Huyo mama ana umri gani?"

"Kama wako."

Mama akainuka, akamwendea pale sakafuni, akamchapa kofi, zito, la mkono ule ule. "Unanificha? Unapasuliwa kichwa, mimi mama yako, unanificha?" Akamchapa jingine. Kisha akakishika kile kichwa, akakibana tumboni kwake, kovu lenyewe akalifunika kwa kiganja, na kaka akalia kwa sauti, mtu wa miaka yake, mpaka kuku wakakimbia mlangoni.

"Ndiyo maana nilitaka upande," alikuwa anasema humo humo kwenye kanga yake. "Nilitaka uone si kitu kibaya. Mimi nilikuwa naendesha vizuri, mama. Nilikuwa naendesha vizuri."

Mdogo wangu alikaa karibu yao na mdomo wake uliovimba. Akasema, "Kaka, mimi sikujua. Pale mezani. Sikujua." Kaka akanyoosha mkono bila kuinua kichwa, akamshika shati.

Halafu mama akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuuliza bei, "Huyo mama anauzia ndizi wapi?"

"Kituoni. Kimara."

"Kituo cha mwendokasi?"

"Ndiyo, mama."

"Kuna mtu wa kwetu aliyekwenda kumshukuru?"

Kaka aibu ilimshika. Kwetu mtu akikuokolea mtoto, hata ng'ombe tu, wazee wa nyumba wanakwenda kwake na unga. Kaka alikuwa ameona haya kututumia habari, kwa hiyo hakuna aliyekwenda.

"Amelaliwa mwanangu, amepigwa kwa ajili ya mwanangu, na mwaka umepita sijampelekea hata kibaba," mama akasema. Alikuwa amekasirika kweli sasa, na mimi nikafurahi kumwona amekasirika, maana mtu anayekufa kwa kupenda hakasiriki. Akanigeukia. "Ulezi uliobaki ni kiasi gani? Kasage. Mzuri, usitie mahindi."

"Kwa hiyo unaenda?"

"Naenda kumwamkia huyo mama. Nikiwa huko hayo mamionzi yenu nitapigwa."

"Na utapanda mwendokasi?" mdogo wangu akauliza. Alishindwa kujizuia.

"Yeye yuko kwenye treni?"

"Hapana, mama."

"Sasa treni ya nini?"

Mdogo wangu akatikisa kichwa, damu bado inamtoka ufizini. "Treni yangu imeshindwa na ndizi," akasema. Tukacheka wote wanne, tumechafuka mchuzi na udongo, na kaka akashika bega lake akaniambia nimemvunja mfupa, mwanamke mimi sina huruma. Haukuvunjika. Niliukanda kwa maji ya moto.

Jumatatu asubuhi tukawa stendi. Mimi nilikuwa naishia Laela kununua mahindi. Wapiga debe wakatuvamia kama kawaida yao, mmoja akamshika mama mkono wa kulia, ule mbaya, anamvuta kwenye basi lake. Nikampiga na chupa ya chai ya chuma. Sikumwonya. Akataka kunirudishia, kaka na mdogo wangu wakasimama mbele yangu bega kwa bega, mmoja hana jino, mmoja hana nywele upande mmoja, na yule kijana akaangalia sura zile akaona bora atafute abiria wengine.

Mama alichagua kiti cha nyuma ya dereva, unga wa ulezi ameupakata. Dereva, kijana mnene mwenye miwani ya jua, akamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba, akamuuliza watoto wangapi, akamwombea. Basi likatoka. Lami ile sasa imezeeka, ina viraka, lakini madereva hawajazeeka. Mashamba yalikuwa yamevunwa pande zote mbili, na yule kijana alikuwa anakanyaga mpaka vioo vinalia. Kaka alikuwa anautazama mguu wa kulia wa dereva muda wote.

Tulipokaribia ile kona nikaona mama anafunga kanga vizuri kichwani. Akainuka nusu, akamgusa dereva bega.

"Baba, hapo mbele punguza. Nina watu wangu hapo, wamelala wawili."

Kaka akainama kwake taratibu. "Mama, baba tulimzika nyumbani. Na wa kwetu aliyefia hapa ni yeye tu."

"Wawili," mama akasema, na hakumtazama.

Dereva akavua miwani, akaondoa mguu kwenye mafuta, basi likapita pale taratibu.